Milango ya Karatasi

Baridi haijafika, ila imeshatuma salamu:
alfajiri maji ya ndoo uani yamevaa ngozi.
Mama akasema, "Leo." Basi ikawa leo.

Tukaing'oa milango yote minne,
tukaiegemeza ukutani kama wagonjwa wanaoota jua,
tukailowesha kwa kitambaa
mpaka karatasi ya mwaka jana ikakubali kuziachia fito.
Ilitoka vipande vipande, rangi ya chai,
imekunywa moshi, mvuke wa maharage,
na kikohozi cha baba, usiku baada ya usiku.

Habari za vioo nililetea mimi.
Nilikuja na bei, na picha, na namba ya fundi wa Yeongju:
siku mbili tu, Mama, na upepo hauingii tena.
Alizitazama picha kwa adabu,
kisha akaziweka chini ya sufuria
isije ikaunguza meza.

Uji wa ngano, usio na chumvi, usioliwa.
"Mzito," anasema. Naongeza maji.
"Sasa umekuwa wa mzazi." Naongeza unga.
Nina miaka hamsini na miwili,
nimeshika hesabu za kiwanda kizima cha viatu,
na uji umenishinda.

Karatasi ni ya mzee Paek, wa bonde la pili,
magome ya mforosadi, yamepondwa, yamechujwa.
Ukiiinua kwenye jua unaona nyuzi zake
zimelala ovyo, kila moja na safari yake,
na hapohapo ndipo penye nguvu, anasema Mama,
zingelala sambamba ingechanika.

Mimi upande huu, yeye ule, tunaishusha.
Anapiga brashi kutoka katikati kwenda pembeni,
haraka, kama anayemfukuza kuku asiyemchukia.
Karibu na kipete cha mlango
anaweka jani jekundu lenye ncha saba,
analifunika kwa karatasi ya pili. "Hapa mkono hugusa sana."
Sikujua. Miaka yote hiyo nilidhani ni pambo.

Sasa maji ya kinywa.
Zamani alikuwa akijaza mashavu na kupuliza,
ukungu mwembamba ukatua mlango mzima,
karatasi ikajikaza yenyewe ikikauka.
Leo alijaza mashavu, akapuliza,
na kwa pale yalipokuwa meno mawili ya mbele
maji yakamtiririkia hadi kwenye blauzi.
Tulitazamana.
Alianza kucheka yeye, nikamfuata,
tukaketi kwenye baraza, mbavu zinauma.
Halafu nikapuliza mimi. Vibaya. Akasema, "Inatosha."

Ulibaki mlango wa chumba cha baba.

Kwenye karatasi yake kuukuu palikuwa na tundu,
chini kabisa, kimo cha mtu aliyelala.
Nilidhani ni la mtoto wa Sangho;
watoto hulowesha kidole mate, wakatoboa, wakachungulia.
"La baba yako," akasema Mama.
"Mwezi wa pili. Alitaka kuona nani anaingia uani.
Nikamwambia, mtu mzima wewe. Akatoboa."

Hakulikata umbo la ua alizibe, kama alivyoyaziba ya kwetu.
Aliliacha. Upepo ukaingia humo mpaka matanga.

Nikaupaka mlango uji, tukaishusha karatasi mpya,
nyeupe, haina habari na mtu.
Ndipo akaingia ndani, akatoka na fremu ya picha isiyo na picha,
akatoa kioo, akanipa.
"Kikate. Kama kiganja.
Wewe si ndiye wa vioo?"

Tukakitia palepale chini, tukakizungushia ukanda wa karatasi.

Jioni milango ilikuwa imerudi bawabani, imekauka.
Nikaigonga kwa ukucha, mmoja mmoja: du, du, du.
Wa nne ulijibu kwa sauti nyembamba kidogo.

Usiku sakafu ilipopata moto
nilimsikia anaburuta godoro lake
kutoka chumba kimoja hadi kingine,
polepole, akipumzika njiani.
Sikuamka kumsaidia.